Nna miaka 46 na naogopa maji, kuna aliejifunza kuogelea ukubwani?

BintiWete

Assalaam alaykum jamani, natumai nyote hamjambo. Mie nimezaliwa Wete nikaolewa Unguja, sasa nakaa Bububu, usiku wa bamvua nikilala nasikia bahari inavyopiga lakini maji yakinifika juu ya magoti tu moyo unaenda mbio na miguu yafa ganzi. Miaka 46 hiyo. Nataka kujifunza kuogelea na mtaani naona haya kusema, maana mtu akisikia umetoka Pemba basi anajua bahari kwako ni kama ukumbini.

Khofu yangu najua ilikoanzia. Nlikuwa na miaka minane au tisa, tumetoka chuoni kusoma Kurani jioni tukenda gatini na watoto wa mtaani, kijana mmoja mkubwa akanishika kiuno akanitupa, na anacheka, kwao ule ndo mchezo. Nakumbuka rangi ya kijani na ule mlio wa masikioni, na nakumbuka nafungua mdomo nimwite mama maji yakaingia. Alonitoa ni mzee mmoja alikuwa kakaa pale anasuka dema lake la kuvulia samaki. Kanibeba mpaka nyumbani, mama akamshukuru akampa kahawa, na toka siku ile nikakatazwa pwani. Ndo ikawa basi. Kaka zangu wote wanaogelea, sie wanawake wa nyumba yetu hakuna hata mmoja.

Sasa kwa nini leo. Mwezi wa saba nilikuwa kwenye boti naenda Mkoani kwenye harusi, kusi limechacha, tulipofika katikati ya mkondo boti ikaanza kupanda na kushuka. Nimempakata mjukuu wangu wa miaka mitatu kalala. Nikajiuliza, likitokea jambo hapa, huyu mtoto mie nitamfanya nini? Sina jibu. Na sote tunajua jambo hutokea, 2011 na 2012 meli zilipozama hakuna mtaa hapa Unguja na Pemba haukulia. Niliposhuka Mkoani watu wanacheka wanapokea mizigo mie natetemeka.

Basi nauliza. Kwa umri huu inawezekana? Nianzie wapi, baharini au bwawani? Na jengine, mume wangu alijaribu kunifundisha mara moja Mangapwani, ananambia "legea, legea tu, maji yatakubeba", kila akisema legea mie ndo nakauka kama mti. Mtu analegea vipi na roho iko mkononi?

Baharia_Kojani

Waalaykumu salaam dada. Pole kwa yalokupata utotoni. Mie naona usifikirie sana, sie Kojani hakuna aliefundishwa, tulitupwa tukapiga miguu tukajua, kuvuka kwenda skuli ni chombo na kurudi ni chombo. Dawa ya maji ni maji. Mwambie mumeo akupeleke panapokuzidi kimo akuache huku anakuangalia, siku mbili tatu utakuwa umeshazowea.

MamaMwani_Jambiani

Baharia mwanangu samahani, hilo kwa mtoto wa miaka minne aliezaliwa ndani ya dau pengine. Kwa mtu alieshatupwa mara moja akameza maji ukimtupa tena unamfundisha kitu kile kile alichojifunza mara ya kwanza, kwamba maji yanaua na watu wanacheka. Bibie usikubali hata kidogo, si kwa mumeo si kwa mwengine.

Mie nna miaka 58, nimejifunza nikiwa na 51. Na mie mwenzio nimekaa baharini maisha yangu yote, nalima mwani tangu ulipoanza huku kwetu 1989, lakini sie wakulima wa mwani bahari tunaijua ikiwa haipo, maji yakikauka bamvua tunashuka na kamba zetu na vigingi, yakianza kujaa tunapanda. Nikiona maji yafika kifuani nshageuka narudi. Miaka thelathini karibu hivo. Kilichonisukuma ni kazi, kotonii, mwani wenye bei nzuri, ikawa inakufa kwenye maji haya ya karibu kwasababu yamekuwa ya moto, na spinosumu, aina nyengine ya mwani, inastahmili lakini bei yake ndogo, tukaambiwa anaetaka kotonii aende kwenye maji mengi. Kwenye maji mengi bila kuogelea utakwenda vipi? Wenzangu wengine wakaacha. Mie nikasema nitajifunza.

Alonifundisha ni msichana wa mtaani kwetu, umri wa mwanangu wa mwisho, na nitakwambia alichokifanya ambacho mumeo hakukifanya, na simlaumu mumeo, wanaojua kuogelea toka wadogo wameshasahau kinachoogopesha. Siku ya kwanza hakuniambia lala juu ya maji. Alinifundisha kusimama. Yaani maji ya kiunoni, nachutama mpaka mabegani, nasimama. Nachutama, nasimama. Halafu namshika mikono nanyanyua mguu mmoja, naukanyaga. Halafu yote miwili, nakanyaga. Siku nne hatukufanya jengine na mie nikawa najiuliza huyu mtoto ananichezea? Siku ya tano ndo nikafahamu. Nilikuwa siogopi kulala juu ya maji, nilikuwa naogopa kwamba nikishalala sijui nitarudi vipi kwenye miguu yangu. Miguu ikiiacha ardhi mie nshakufa, ndo mwili wangu ulivyokuwa unasema. Sasa mwili huo utauambia legea? Hauwezi kulegea mpaka ujue njia ya kurudi.

Njia yenyewe ni hii, umelala chali, unataka kusimama: kunja magoti yaje kifuani, kichwa kilete mbele kama unataka kutazama kitovu, mikono ikokote maji kutoka nyuma kuja mbele. Makalio yatashuka, nyayo zitashuka, ndo unakanyaga. Ukinyoosha miguu kabla hujakunja magoti utahangaika, na kuhangaika huko ndo kunakotisha watu. Fanya mara hamsini, fanya mara mia, huku umeshikwa. Ukishaliweza hilo hata mtu asipokwambia legea utalegea.

Na ule mlio wa masikioni uliousema, nimeusoma nikalia. Mie pia. Ukilala chali maji yanaingia masikioni na unasikia pumzi yako mwenyewe kubwa kama ya mtu mwengine, na mchanga unavyosuguana chini. Yule msichana alinambia kaa kwenye maji ya mapajani, piga magoti, inamisha sikio moja tu, sikiliza, inua. Halafu la pili. Wiki nzima nasikiliza. Mpaka leo nikilala juu ya maji ndo kitu cha kwanza nakifanya, nasikiliza.

Fundi_wa_Kaskazini

Bi BintiWete shikamoo, na Mama shikamoo, maneno hayo ya kusimama kwanza niliyaandika kwenye daftari. Mie nafundisha watu kuogelea huku Nungwi, wengi watoto lakini wakubwa wanakuja pia, na wengi wao ni mama zetu. Huku kwetu mradi wa Panje umefundisha wasichana na wanawake wengi kuogelea na kufundisha wenzao, kwa hiyo mwanamke kufundishwa na mwanamke mwenzake si kitu kigeni tena, ulizia utapata.

Kuhusu baharini au bwawani. Bwawa lina uzuri wake, halina wimbi, unaona chini. Lakini watu hawajui kwamba bahari ndo inakubeba zaidi, lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, yale ni mazito kuliko ya bwawa kwa hiyo mwili unaelea juu kidogo zaidi. Nimeona watu wanaozama miguu bwawani wakija baharini wanaelea vizuri. Mie ningekushauri bahari, ila uchague siku na saa, na hapa ndo wengi wanakosea.

Usianze siku za bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanajaa na kukauka kwa tofauti ya karibu mita 4, maana yake muda wote maji yanakimbia, ulipokanyaga sasa hivi ukigeuka pameshakuzidi au pamekauka. Subiri maji mafu, mwezi 7 au 8 na mwezi 21 au 22 hivi, hapo tofauti ni ndogo na mkondo umelala, halafu kwa Unguja yetu hii maji mafu hujaa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, wakati bamvua hujaa saa kumi na kukauka saa nne. Kwa hiyo asubuhi ya maji mafu ndo wakati wako, jua halijawa kali, maji yametulia, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa hiyo siku ya pili sogeza mbele. Huhitaji simu wala jedwali, wewe fata mwezi wa kiislamu tu.

Mahali: miezi hii ya kusi pwani ya mashariki ina fujo, upande wa magharibi umekingwa. Kendwa maji hayakauki sana hata bamvua na chini ni mchanga mtupu. Mangapwani pia pazuri lakini kuna mawe, vaa viatu vya mpira. Usikae karibu na zinapopita boti, na kama mvua imenyesha usiku usiingie panapotoka mfereji.

La pumzi, Mama hakulisema. Wengi wakiingia maji wanabana pumzi mpaka wanapasuka, wakitoka juu wanataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, hapo ndo maji yanaingia. Toa pumzi ndani ya maji, kwa pua, taratibu, vipovu vitoke, halafu ukinyanyua kichwa kazi yako ni kuvuta tu. Haya unaweza kuanza nayo nyumbani, ndoo ya maji, kibarazani. Uso ndani, vipovu, uso nje, vuta. Mara ishirini kila siku kabla hujaenda pwani. Ila ukiwa chali fanya kinyume, jaza kifua, kifua kilichojaa pumzi ndo boya lako, ukitoa pumzi yote unashuka.

Na tyubu ya gari usitumie. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu inakuchukua inakupeleka nje, nimeshawafata watu na ngalawa.

Muuguzi_Chake

Nami niongeze kidogo kwa upande wa kazi yangu. Kwanza dada yangu kama una presha, moyo au ulishawahi kuanguka kifafa, pitia kwa daktari kabla, usije ukazimia ndani ya maji. Pili usiende peke yako hata maji ya kiunoni.

Tatu ni la sote. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, na watu wamelishika hilo hivo hivo, wanasubiri mtu apige kelele na kurusha mikono. Anaerusha mikono bado ana pumzi. Alieishiwa ananyamaza, kasimama wima ndani ya maji, kichwa kimelala nyuma, mdomo unatoka na kuzama, hawezi kuita kwasababu kila akipata nafasi ni ya kuvuta hewa tu, na huwa haifiki dakika moja. Tumepokea watoto waliozama na wakubwa wamekaa mita kumi wanapiga soga, hakuna aliesikia kitu. Kwa hiyo mtoto akinyamaza majini mtazame.

Nne, ukimwona mtu anazama na wewe ndo kwanza unajifunza, usiingie. Tupa dumu tupu lililofungwa kifuniko, tupa kamba, nyoosha kasia au upondo. Anaezama atakukumbatia shingo mtazama wote. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 dunia nzima, na miongoni mwao wamo waliokwenda kuokoa.

Na kwa lile la boti na mjukuu, nakuelewa vizuri sana, mie nasafiri na watoto pia. Waliookoka kwenye meli ya Spice Islander ilozama Septemba 2011 wengi walishikilia magodoro na chochote kilichoelea mpaka asubuhi. Hakuna anaeogelea kutoka katikati ya mkondo mpaka nchi kavu usiku. Aliebaki ni aliekaa juu ya maji. Hicho unachokitaka wewe, kuelea na kutulia na kumshika mtoto kifua juu, kinafundishika na hakihitaji mikono ya nguvu. Ukipanda boti ulizia laifujaketi za watoto ziko wapi, ya mtu mzima mtoto anachomoka chini, na mkanda wa kupita kati ya miguu ufungwe.

Ummu_Swaleh

Allah awabariki kwa faida hii. Mie swali langu la stara, nyie mloingia majini mlivaa nini? Nilijaribu na dera nikahisi nimefungwa jiwe.

MamaMwani_Jambiani

Ummu Swaleh, dera na baibui usiingie nalo, linajaa maji, linapanda usoni na linakamata miguu, hata anaejua litamshinda. Kuna hizi nguo za kuogelea za stara, suruali na kanzu fupi na kilemba chake, kitambaa hakinywi maji, na sasa zinapatikana mjini. Ukikosa vaa skintaiti na fulana ya mikono mirefu ya kitambaa cha jezi, ya kubana, mtandio ufungwe nyuma kwa fundo usiache ncha. Sie tulikuwa tunakwenda alfajiri baada ya sala, wanawake watupu, mmoja anakaa juu na nguo kavu.

Na kama mtu anakusema mkumbushe yale maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Omar, wafundisheni watoto wenu kuogelea. Hajasema wa kiume.

Baharia_Kojani

Mama nimekuelewa na nakuomba radhi, na wewe dada BintiWete. Nimekaa nikafikiri. Nina watoto watatu wa kike hapa Kojani, wa kiume wote wawili wanapiga mbizi, wa kike sijawahi hata kuuliza kama wanajua. Nimemuuliza mke wangu jana, kanambia hawajui, wanapanda chombo kila siku na hawajui. Nitaanza nao maji mafu haya, kwa kuchutama na kusimama.

BintiWete

Jamani nimerudi, wiki saba zimepita. Nilikuwa sitaki kuandika mpaka niwe na la kusema.

Ndoo nimefanya kibarazani siku kumi, mjukuu akaona mchezo akawa anafanya na yeye, sasa yeye anatoa vipovu vingi kunishinda. Kisha tukaanza Mangapwani mie na mke wa shemeji yangu na dada mmoja anaejua, asubuhi za maji mafu kama alivosema Fundi. Mume wangu nilimwambia akae juu asiseme neno, na alikaa, Mungu amlipe.

Wiki ya kwanza kuchutama na kusimama. Wallahi Mama Mwani ulichokisema ndo hicho hicho. Siku ya tatu nikanyanyua miguu yote miwili nikaikanyaga, nikaikanyaga tena, na nikahisi kitu kimefunguka hapa kifuani, kwamba naweza kurudi. Masikio yalinichukua muda zaidi. Mara ya kwanza nimeinamisha sikio niliona ile kijani, nikatoka majini nikakaa mchangani nusu saa, yule dada akakaa na mie hakusema twende. Tukarudi siku ya pili.

Juzi nimelala chali kanishika kisogo kwa vidole viwili, halafu nikasikia anahesabu, kumi na moja, kumi na mbili, na sauti yake iko mbali. Kumbe keshanitoa mkono zamani. Nikakunja magoti nikasimama. Maji ya kifuani, sijamwambia mtu ila nyie na mama yangu Wete kwa simu. Mama alikaa kimya kidogo akanambia yule mzee wa dema jina lake lilikuwa nani, nilikuwa silijui miaka yote, keshafariki, nimemuombea.

Sijapita kifuani bado na sina haraka. Ila nna shida moja, nikielea miguu inazama polepole mpaka nabaki wima na hapo naanza kuogopa. Nafanya nini?

MamaMwani_Jambiani

Mashaallah mashaallah binti yangu. Miguu inazama kwasababu unaitazama, kila ukitaka kuona vidole vyako kiuno kinakatika. Tazama juu kabisa, kidevu juu, kifua jaza, na mikono ipeleke nyuma ya kichwa ndani ya maji, huo uzito wa mikono utanyanyua miguu. Na ikishuka kidogo iache, yangu pia hushuka, mdomo ukiwa nje mengine si kitu. Njoo Jambiani kusi likiondoka, ulale kwangu, tuingie asubuhi.